Kutembea kwa Miguu katika Bonde la Ruaha Mdogo: Kutoka Isimila hadi Kalenga

Wageni wengi wanaofika Iringa kwa ajili ya historia hukodi gari mjini asubuhi, hupelekwa Isimila, hurudishwa barabara kuu, kisha hupelekwa Kalenga, na jua linapotua huwa wamekwisha kurejea walikolala. Wameona zana za mawe na fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, na picha wanazo. Kile ambacho hawakukiona ni nchi iliyo katikati: makorongo, mabonde yenye mashamba, vilima vyenye majabali na mto wenyewe. Bila nchi hiyo ni vigumu kuelewa kwa nini watu wa kale walikaa hapa, kwa nini Wahehe walijenga ngome yao mahali walipoijenga, na kwa nini ngome hiyo hatimaye ilianguka. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetaka kupita nchi hiyo kwa miguu yake mwenyewe, kwa usalama na kwa heshima ya wenye nchi.

Mto Ruaha Mdogo hutokea katika nyanda za juu za upande wa Mufindi, hupita Iringa chini ya kilima ulipojengwa mji, kisha huenda kujiunga na Ruaha Mkuu, ambao maji yake huingia katika bwawa la Mtera na, mbele zaidi, bwawa la Kidatu. Sehemu inayohusika hapa ni ndogo tu ya bonde hilo, yaani upande wa magharibi na kusini-magharibi ya mji. Isimila iko umbali wa takriban kilomita 20 kutoka mjini kwa barabara ya Mbeya, na Kalenga iko umbali wa takriban kilomita 15, karibu na barabara iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Katikati ya sehemu hizo mbili pana Tosamaganga, misheni kongwe ya Kikatoliki iliyojengwa mahali palipoinuka. Ushauri wangu mkuu ni kuhusu mpangilio: anzia Isimila, pitia Tosamaganga, malizia Kalenga. Ukiugeuza mpangilio huo utaviona vitu vilevile, lakini utafika Kalenga kabla ya kuuona mlima unaoeleza yaliyoipata.

Mtembezi mwenye nguvu na mwenyeji anayejua njia za mkato anaweza kuimaliza safari kwa siku moja ndefu. Sipendekezi hivyo. Siku mbili zinakupa nafasi ya kukaa korongoni bila haraka, kuzungumza na watu mashambani, na kuingia Kalenga asubuhi akili ikiwa bado safi.

Wakati wa kwenda

Iringa ina msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha mwezi wa Aprili, mara nyingine ukagusa Mei. Wakati huo usiende kutembea bondeni isipokuwa kama una sababu ya pekee. Udongo mwekundu wa vijia huwa telezi, vijito vinavyorukwa kwa hatua moja wakati wa kiangazi hujaa kwa saa chache, na kuta za makorongo ya Isimila, ambazo ni udongo na mchanga ulioshikamana tu, hulowa na kumeguka. Mvua ikinyesha sehemu za juu, maji yanaweza kukufikia korongoni hata kama ulipo wewe hakuna wingu.

Kipindi kizuri kuliko vyote ni kuanzia mwisho wa Mei hadi Julai. Njia zimekauka, mito ina maji, nyasi hazijachomwa, na hewa haina vumbi, kwa hiyo ukisimama juu ya kilima unaona mbali. Lakini mji wa Iringa uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai baridi yake ya alfajiri humshangaza mtu aliyetoka Dar es Salaam na shati jepesi. Septemba na Oktoba inawezekana pia kutembea, ila jua huwa kali, moshi wa mashamba yanayosafishwa hufunika bonde, na vivuli ni vichache.

Ruhusa, mwenyeji na malipo

Isimila na Kalenga ni maeneo ya urithi wa taifa yenye ofisi, na kiingilio hulipwa hapohapo. Malipo ya serikali siku hizi hufanywa kwa kumbukumbu namba, kupitia simu au wakala wa benki, kwa hiyo weka fedha za kutosha kwenye simu kabla ya kuondoka mjini na usitegemee kwamba noti zako zitapokelewa. Fedha taslimu hata hivyo zinahitajika kwa mambo mengine yote: chakula cha genge, bodaboda, na malipo ya mwenyeji wako.

Kati ya maeneo hayo mawili utapita katika vijiji na mashamba ya watu, na hapo ndipo wageni wengi hukosea. Hakuna uzio wala bango, lakini kila kipande cha ardhi kina mwenyewe. Ukifika katika kijiji unachokusudia kukipita, nenda kwanza kwenye ofisi ya serikali ya kijiji, jitambulishe kwa mtendaji au mwenyekiti, eleza unakotoka na unakokwenda, na andika jina lako katika kitabu cha wageni kama kipo. Kazi hiyo huchukua muda mfupi na hukuondolea maswali ya siku nzima. Hapohapo omba utafutiwe mwenyeji wa kukuongoza hadi kijiji kinachofuata. Mnapokubaliana malipo, kubalianeni kabla ya kuanza safari, mbele ya mtendaji, na fahamuni pia ni nani atakayegharamia nauli ya mwenyeji kurudi kwake.

Kuna sababu nyingine ya kutokupita kimyakimya. Watu wa Iringa wana kilimo cha mabondeni kiitwacho vinyungu, ambacho hutumia unyevu wa bonde wakati wa kiangazi, na kwa familia nyingi ndicho kinacholeta mboga, mahindi mabichi na ada za shule katika miezi ambayo mashamba ya juu yamekauka. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na utekelezaji wake umewagusa wakulima hao moja kwa moja. Kwa hiyo mgeni anayetembea kando ya mto na ramani, daftari na simu iliyoinuliwa kupiga picha anaweza kudhaniwa kuwa afisa aliyekuja kupima. Salimia kwanza, eleza shughuli yako, halafu ndipo utoe simu. Usipige picha ya shamba la mtu wala ya mtu mwenyewe kabla ya kuomba, na ukikataliwa, shukuru na uendelee na safari.

Salamu zina uzito. Mzee hupewa shikamoo popote utakapokutana naye, hata kama yuko mbali ng'ambo ya shamba na inabidi upaze sauti. Ukisema kamwene, salamu ya Kihehe, utaona nyuso zikifunguka, na mara nyingi ndipo mazungumzo ya kweli yanapoanza. Usipite mbele ya watu waliokaa barazani bila kusimama kidogo.

Vitu vya kubeba

Vaa viatu vilivyofunga kifundo na ambavyo miguu yako imekwisha kuvizoea. Viatu vipya visianzie safari hii. Beba sweta au koti la asubuhi, kofia pana, shati la mikono mirefu kwa ajili ya jua na miiba, na fimbo, ambayo itakusaidia kwenye miteremko na pia kupekua nyasi mbele yako mahali ambapo nyoka aina ya bafe anaweza kuwa amelala. Usikanyage mahali usipopaona.

Maji ndiyo yatakayoamua safari yako iweje. Beba angalau lita tatu kwa kila mtu kwa siku. Usinywe maji ya mto wala ya kijito bila kuyachemsha au kuyatia dawa ya kusafishia, hata yakionekana meupe kama ya chupa, kwa sababu juu yake kuna mifugo, mashamba yenye dawa na makazi ya watu. Usioge wala kuvua viatu na kuingia kwenye maji yaliyotuama au yanayokwenda polepole, kwani kichocho huingia kupitia ngozi. Kuhusu mamba na viboko, uliza wenyeji wa sehemu hiyohiyo siku hiyohiyo. Wanaochota maji hapo kila asubuhi ndio wanaojua. Mto uvukwe kwenye daraja, au kwenye kivuko ambacho mwenyeji wako mwenyewe hukitumia na anakitangulia.

Simu hupata mtandao katika sehemu kubwa ya njia hii, lakini pakua ramani kabla ya kuondoka ili ifanye kazi bila intaneti, na beba chaja ya akiba. Ramani za Idara ya Upimaji na Ramani za mizani ya 1:50,000, kwa anayeweza kuzipata, huonyesha vijito na miinuko vizuri kuliko simu, ingawa vijia vyake vingi vimehama tangu zilipochorwa. Hata ukiwa na ramani zote hizo, kuuliza njia kuna maana yake. Usiulize kama ni mbali, kwa sababu utajibiwa kwamba ni hapo mbele tu. Uliza mtu akitoka sasa hivi kwa miguu atafika saa ngapi, kisha umuulize mtu wa pili swali hilohilo.

Siku ya kwanza: Isimila

Panda daladala au basi dogo liendalo upande wa Mafinga, umwambie kondakta mapema kwamba utashuka njia panda ya Isimila, na uwe umefika saa 2 asubuhi. Kutoka barabarani hadi ofisi ni mwendo mfupi wa kupasha miguu moto.

Isimila ni korongo kavu lililochimbwa na maji katika ardhi ambayo zamani za kale ilikuwa sehemu ya ziwa la kina kifupi au madimbwi. Wanyama walikuja kunywa, na binadamu wa Enzi ya Mawe waliwafuata. Zana zao zilifunikwa na mchanga na tope, zikalala chini kwa muda usioelezeka kirahisi, hadi mmomonyoko ulipozifunua tena. Mwaka 1951 mwanafunzi mmoja kutoka Afrika Kusini aliyekuwa akipita aliokota baadhi yake, na mwaka 1957 na 1958 mwanaakiolojia F. Clark Howell na wenzake walifanya uchimbaji mkubwa uliolifanya jina la Isimila lijulikane duniani. Vipimo vilivyofanywa baadaye kwa njia ya urani vilikadiria umri wa takriban miaka 260,000. Pamoja na zana walipata mifupa ya wanyama, akiwemo kiboko wa aina iliyokwisha kutoweka, ambaye macho yake yalichomoza juu ya kichwa kuliko ya kiboko wa leo.

Chukua mwongozaji wa pale, usijaribu kwenda peke yako. Macho yasiyozoea huona mawe tu. Yeye atakuonyesha lipi ni shoka la mkono, lipi ni la kuchunia ngozi, na jinsi makali yalivyopatikana kwa kugonga jiwe kwa jiwe pande zote mbili hadi umbo likawa kama tone la maji. Kaa hapo muda mrefu. Angalia ukubwa wa mashoka mengine, ambayo yanahitaji mikono miwili kuyanyanyua, na ujiulize yalitumikaje. Zana nyingi zimeachwa zilale karibu na zilipofunuliwa, na thamani yake iko hapo hasa: jiwe likiondolewa katika udongo wake, mtaalamu hawezi tena kusema lilikuwa jirani na nini. Kuokota hata kipande kidogo ni kosa chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na ningesihi mtu asiokote hata kama sheria hiyo isingekuwapo.

Baada ya hapo mwongozaji atakupeleka kwenye korongo la nguzo, dakika chache kwa miguu. Nguzo hizo za udongo zimesimama kwa sababu tabaka gumu la juu limeukinga udongo laini ulio chini yake, huku mvua na upepo vikichonga pande zote. Tembea chini, mchangani, bila kuegemea wala kupanda nguzo yoyote, na usiandike jina lako juu yake. Rangi zake ni nzuri zaidi kabla ya saa 4, jua likiwa bado limelala. Mchana kati mwanga huzifuta. Hilo ndilo lililonifanya nisisitize kufika mapema.

Kutoka korongoni kwenda Tosamaganga

Sehemu hii haina kibao wala mnara, na wageni wengi huidhania kuwa haina kitu. Kwangu ndiyo iliyo na mengi. Ukiondoka Isimila na mwenyeji wako, acha barabara kuu mapema uwezavyo na ufuate njia za vijiji. Nchi inakwenda kwa mawimbi: unapanda mgongo wenye mahindi yaliyovunwa na majabali makubwa yaliyobebana, unashuka kwenye kibonde chenye kijani kibichi cha vinyungu, kisha unapanda tena. Angalia jinsi matuta ya vinyungu yalivyoinuliwa ili mizizi isizame katika maji, na mifereji midogo iliyo katikati yake. Muulize mkulima ni lini alianza kuandaa, na kwa nini amepanda maharage upande ule na mahindi upande huu. Hakuna atakayekuona mjinga. Watu hupenda kueleza kazi wanayoijua.

Njia katika vinyungu ni kingo za matuta, na kingo hizo humomonyoka. Pita kwa mstari mmoja nyuma ya mwenyeji, usikate kona, usiruke mifereji ukavunja kuta zake. Ukikuta lango la miba kwenye njia ya ng'ombe, lifunge kama ulivyolikuta.

Ukipita wakati wa masika au mara baada yake, utakaribishwa ulanzi, kinywaji cha utomvu wa mianzi kinachokingwa kwenye machipukizi yaliyokatwa. Ulioteremshwa siku hiyo ni mtamu na mwepesi na huitwa mtogwa. Uliolala ukachachuka ni mkangafu, na ni mkali. Kuonja kidogo ni kumheshimu aliyekukaribisha. Kuendelea kunywa huku mbele yako kuna miteremko na jua ni kujitafutia kuanguka, kwa hiyo onja, shukuru, na ueleze kwamba bado una safari. Kila mtu ataelewa.

Chakula cha mchana ni bora kipatikane kijijini kuliko kubebwa mgongoni. Mama ntilie kwenye senta ndogo atakuwa na ugali, maharage na mboga, mara nyingine na nyama, na fedha yako itabaki pale ulipopita. Watoto watakufuata. Wasalimie, ongea nao, lakini usigawe fedha wala peremende njiani. Kama unataka kusaidia, zungumza na mwalimu mkuu wa shule ya kijiji.

Tosamaganga utaifikia alasiri. Misheni ilianzishwa na Wabenediktini katika miaka ya mwisho ya 1890, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kazi ikachukuliwa na Wakonsolata kutoka Italia. Kanisa, shule na hospitali vimekaa katikati ya miti mirefu, na ukiomba kwa adabu kwenye ofisi ya parokia utaruhusiwa kutazama kanisa nje ya saa za ibada. Tafuta kisha mahali pa wazi unapoweza kutazama upande wa Kalenga na mto. Simama hapo kwa utulivu. Simulizi za Kalenga zinasema kwamba mwaka 1894 Wajerumani waliipigia mizinga ngome ya Mkwawa kutoka upande huu. Ukiwa umetembea nchi hii kwa saa kadhaa, utaona mara moja tofauti ya kimo, na utaelewa kwamba ukuta uliojengwa kuzuia mikuki na bunduki haukujengwa kwa ajili ya makombora yatokayo juu.

Kama hukupanga malazi mapema, usianze kuyatafuta giza likiingia. Mwezi wa Juni jua huzama yapata saa 12:30 jioni, na baada ya hapo njia za bondeni si za mgeni. Chukua bodaboda au gari la abiria urudi mjini kulala, kisha asubuhi urejee palepale ulipoishia.

Siku ya pili: Kalenga

Kutoka Tosamaganga kwenda Kalenga ni mteremko, na unaweza kuumaliza kabla jua halijakaa vizuri. Tumia mwendo huo kukumbuka mfuatano wa mambo, kwa sababu ukifika makumbusho utaelezwa mengi kwa muda mfupi.

Munyigumba aliunganisha koo nyingi za Uhehe chini ya utawala mmoja, akafariki mwaka 1879, na baada ya mapambano ya urithi mwanawe Mkwavinyika, ajulikanaye kama Mkwawa, akashika nchi na kuipanua. Tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani kikiongozwa na Emil von Zelewski, ambaye wenyeji wa pwani walimwita Nyundo, kiliviziwa huko Lugalo na jeshi la Wahehe likiongozwa na Mpangile, nduguye Mkwawa. Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake, na silaha nyingi zikachukuliwa. Wajerumani walirudi na nguvu kubwa zaidi chini ya gavana Friedrich von Schele, na tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ikaanguka. Mkwawa hakukamatwa. Aliendelea kupigana msituni kwa karibu miaka minne, huku wananchi wakimficha na kumlisha, ingawa zawadi ya rupia 5,000 ilitangazwa kwa atakayeleta kichwa chake. Mpangile, ambaye Wajerumani walimweka kuwa mtawala, walimnyonga mwaka 1897. Tarehe 19 Julai 1898, akiwa amezingirwa huko Mlambalasi, Mkwawa alijipiga risasi kuliko kutekwa akiwa hai.

Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Kifungu cha 246 cha Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kiliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza katika miezi sita, lakini miaka ikapita. Mnamo 1954 gavana wa Tanganyika, Edward Twining, baada ya fuvu kutafutwa katika mkusanyiko wa makumbusho ya Bremen, alilirudisha kwa Wahehe, na aliyelipokea alikuwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge.

Fuvu hilo limehifadhiwa katika sanduku la kioo ndani ya makumbusho madogo ya Kalenga, pamoja na mikuki, ngao na silaha nyingine. Ingia ukijua kwamba uko mbele ya mabaki ya marehemu mwenye familia inayoishi, na mwenendo wako uwe ule wa mtu aliyekwenda msibani: vua kofia, punguza sauti, zima mlio wa simu. Hata ukiruhusiwa kupiga picha, nashauri usijipige wewe mwenyewe kando ya kioo. Msikilize mhifadhi hadi mwisho kabla ya kuuliza, kwa kuwa simulizi ya Wahehe ina mpangilio wake, na ukiikatiza utapata vipande.

Baada ya makumbusho, omba uonyeshwe mabaki ya ngome. Wengi huondoka bila kufanya hivyo, kwa sababu kilichobaki ni kidogo na kimetawanyika katikati ya nyumba na mashamba. Ukuta ulikuwa wa mawe na udongo, na ulizunguka eneo kubwa kando ya mto. Tembea na mwenyeji wa Kalenga kutoka alama moja hadi nyingine, uone mto ulivyokuwa kinga na chanzo cha maji kwa wakati mmoja, kisha geuka utazame ulikotoka, upande wa Tosamaganga. Kwa hesabu ya macho utakuwa umeipima vita ile.

Kurudi mjini kuna usafiri wa abiria kutoka Kalenga, lakini mwenye nguvu iliyobaki anaweza kuomba njia za vijiji kuelekea mjini. Ukifika Iringa, Boma la zamani, jengo la Wajerumani la karibu mwaka 1900 lililofunguliwa kuwa makumbusho ya mkoa mwaka 2016, linafaa kutazamwa mwisho, na jioni panda jabali la Gangilonga, ambalo kutoka juu yake mji wote na bonde huonekana.

Lugalo na Mlambalasi

Sehemu hizi mbili haziko katika njia hii na haziunganishwi nayo kwa miguu. Lugalo iko mashariki ya mji, kando ya barabara ya Morogoro, na basi lolote liendalo huko linaweza kukushusha karibu na mnara wa kumbukumbu. Panatosha saa moja, ila tembea pembeni kidogo uone jinsi vichaka na mawe vilivyowafaa waviziaji.

Mlambalasi iko takriban kilomita 50 kutoka mjini upande wa Hifadhi ya Ruaha, na inahitaji gari la kukodi na mwongozaji aliyepangwa Kalenga au mjini siku moja kabla. Hapo pana kaburi la Mkwawa, na juu yake kuna pango la mwamba ambamo wanaakiolojia wamepata zana za mawe na mazishi ya binadamu ya zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Sehemu hiyo ni ya chini na yenye joto kuliko mjini, yenye mbung'o katika baadhi ya miezi, kwa hiyo vaa nguo za rangi hafifu badala ya nyeusi au buluu, beba maji mengi zaidi, na mkubaliane na dereva kwamba atasubiri hadi mtakapomaliza na kwamba mtaianza safari ya kurudi kabla ya saa 10 alasiri.